Karibu Gani?

Neno lililonisumbua kuliko yote maishani mwangu si la Kifaransa cha shuleni wala la Lingala tuliyoletewa na askari bila kuiomba. Ni karibu. Usicheke. Nilifanya kazi na neno hilo miaka minne mizima, nikalichukia mpaka ikawa mtu akinikaribisha chai nakunja uso kwanza ndipo naketi.

Nilikuwa mtu wa foni, Butembo, wakati wa vita. Kwa wale ambao hawakuiona, foni ilikuwa redio ya kusemea: sanduku la chuma juu ya meza, betri ya gari chini ya meza, na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Posta ilikuwa imekufa tangu ningali mtoto. Mtu akitaka kujua kama ndugu yake wa Beni au wa Lubero yuko mzima, alikuja kwangu asubuhi, akapanga mstari kwenye baraza, akaniambia maneno yake, nikayaandika kwenye kaye, daftari langu la kazi. Halafu nikayapaza hewani, neno kwa neno, mpaka mwenzangu wa upande wa pili ayapate na kuyaandika kwenye kaye yake. Yeye naye alimtafuta mwenyewe na kumsomea. Ukimaliza kusema unasema "kwako", ili mwenzako ajue ni zamu yake. Ukimaliza kabisa unasema "terminé".

Ujumbe ulipaswa kuwa mfupi, maana betri ilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Tena kulikuwa na amri. Wakubwa wa askari waliotushika wakati huo walikataza Kinande hewani, kwa sababu walitusikiliza na walitaka kuelewa. Kiswahili au Kifaransa, basi. Sisi Wanande hatuna shida na Kiswahili, lakini wengi wetu tunacho cha sokoni na cha barabarani. Mambo ya moyoni tunayasema kwa Kinande. Sasa fikiria mama aliyepotewa na mtoto, anakuja kuuliza habari zake kwa lugha anayonunulia chumvi. Maneno yanamwishia haraka. Anabaki na yale machache ambayo kila mtu anayo, na la kwanza kati ya hayo ni karibu.

Mtu wa Alimbongo akikwambia kwake ni karibu, vaa viatu vya safari na ubebe chakula. Dereva akisema yuko karibu kufika, ujue bado hajaoga. Akija mtu kusema karibu wote wamerudi, mimi nilijua ujumbe wote uko kwa yule mmoja ambaye hakurudi, na mara nyingi hawakumtaja. Kuna mtu wa karibu, yaani wa damu, anayekaa mbali. Kuna jirani wa ukuta mmoja ambaye si mtu wako wa karibu hata kidogo. Kuna karibu ya mezani ambayo inatoka moyoni, na kuna ile ya mtu aliyeshika mlango kwa mkono wake wote, anasema karibu huku anaomba Mungu upite.

Niliyabeba hayo yote kinywani kutwa nzima na sikuyafikiria, mpaka siku ya ujumbe wa Alimbongo. Mwenzangu wa kule alianza vizuri: "Waambie ndugu, askari wako karibu..." Hapo betri yake ikalala. Nikaandika nilichosikia. Mtoto wa mwenye ujumbe akakichukua kikaratasi, akakimbia nacho kwao. Kufika saa sita mchana familia nzima ilikuwa barabarani, magodoro kichwani, mbuzi wanalia, bibi yao kabebwa kwenye baiskeli ya kusukumwa, na nusu ya mtaa imewafuata bila kuuliza wanakimbia nini. Walilala porini siku mbili kwenye mvua. Siku ya tatu Alimbongo ikapata betri nyingine na ujumbe ukaisha: askari wako karibu kuondoka. Njoni tuvune maharagi.

Ee, nilitukanwa! Bibi yule alipata kikohozi ambacho hakikumwacha tena, na kila Jumapili mlangoni mwa kanisa alikohoa akiniangalia mimi. Tangu hapo nikaweka sheria. Mtu yeyote akitamka neno lile mbele ya meza yangu, biki, kalamu yangu, nainua juu, siandiki, mpaka anijibu: karibu gani? Karibu ya njia, au karibu ya wakati, au karibu ya idadi, au ya kukaribisha? Nikawalazimisha na wenzangu wa vituo vyote, Beni, Lubero, Eringeti, nao wafanye hivyo. Walilalamika sana. Wa Eringeti, mwanaume mwenye sauti nzito ambaye sikuwahi kumwona uso, alinicheka hewani: "Dada wa Butembo, weye utauliza hata Mungu siku ya mwisho, karibu gani?" Kwenye baraza watu wakanibandika jina hilo hilo. Watoto wakinipita njiani waliliimba, na mimi nikaokota jiwe, si la kurusha, la kuwaonyesha tu.

Nachekesha, lakini sikuwa mtu wa furaha. Nilipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye watoto sita. Jioni, baridi ya Butembo ikishuka, nilikaa kitandani na sweta, nikisikia wao wanakula upande wa pili wa ukuta, wanagombania kipande cha samaki. Mchana kutwa nilikuwa nimesema "tunakupenda sana", "tunakungojea", "mtoto amezaliwa amefanana na wewe", yote kwa sauti yangu mwenyewe, hakuna hata moja lililonihusu. Miaka miwili hakuna ujumbe ulioingia kwa ajili yangu. Wakati mwingine nilitamani hata mtu akosee tu.

Mtu wa kuniandikia alikuwapo mmoja, mama yangu, Eringeti. Na tulikuwa hatusemezani.

Sitaficha, kosa lilikuwa langu. Baba alipokufa, habari niliipokea mimi mwenyewe kwenye foni, nikaiandika kwenye kaye kama ya mtu mwingine. Siku ile mstari ulikuwa mrefu mpaka barabarani, kulikuwa na mapigano upande wa Lubero na kila mtu alitafuta wake. Nikasema nitatoka kesho. Kesho yake barabara ilifungwa. Nilifika Eringeti siku ya nane, baba yuko ardhini, watu wa matanga wamekwisha kurudi kwao. Nikasimama uwanjani, nikapiga hodi. Mama akatoka, akasimama mlangoni, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Unatafuta nani?" akasema.

Mtu mwenye akili angepiga magoti. Mimi nina hasira, na hasira hii sikuiokota njiani, ni yake mwenyewe, alininyonyesha nayo. Nikamjibu, "Natafuta mama yangu, lakini naona hayupo." Nikageuka. Gari lililonileta lilikuwa bado linapakia mafuta ya mawese, nikapanda juu ya mapipa, nikarudi nalo Beni. Hakuniita. Na mimi sikugeuza shingo, ingawa iliniuma yote kwa kutogeuka.

Basi miaka miwili ikapita hivyo. Nilikuwa na njia ya kusema naye kila siku, mezani kwangu, bure, na sikuitumia. Kila asubuhi nilipoita "Eringeti, Eringeti, unanipata?" nilijua anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka pale sauti yangu ilipofikia. Nilisema kimoyomoyo: ni yeye aliyenifungia mlango, ni yeye ataufungua.

Asubuhi moja, ujumbe wa kawaida umekwisha, wa Eringeti akasema, "Dada, usifunge. Iko na moja tena, ni ya kwako weye mwenyewe. Uko tayari? Kwako."

Nikafungua ukurasa mpya. "Sema. Kwako."

Hewa ilikuwa mbaya, inakwaruza. Nikasikia maneno mawili tu, wazi kabisa: "Mama karibu. Terminé."

Nikaandika: Mama karibu. Mstari mzima wa baraza ulikuwa unaniangalia. Na mimi niliyemsumbua kila mama na kila mzee, niliyemliza hata mwanafunzi mmoja wa shule kwa sababu ya neno hili, sikuuliza. Nilikuwa na kidole juu ya kibonyezo, wa Eringeti alikuwa bado yuko hewani, nasikia pumzi yake, na sikuuliza. Nikasema, "Nimepata, aksanti." Nikamwita mtu aliyefuata.

Nitasema kwa nini. Nilielewa mara moja kile nilichotaka kuelewa: mama yuko karibu, yuko njiani, anakuja. Ameshuka yeye kwanza. Furaha iliyonijaa ilikuwa na kiburi ndani yake, nusu kwa nusu. Pembeni kidogo kulikuwa na maana nyingine, kwamba mama yuko karibu kufa. Niliiona, nikaigeuzia uso, kwa sababu ningeuliza ningeweza kupewa hiyo. Maana ya tatu haikunijia kabisa.

Nikaomba ruhusa ya siku tatu kwa mwenye foni. Nikafua shuka yangu moja na kuianika juu ya waya wa antena, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikataza watu wasifanye. Nikapaka sakafu upya. Nikaazima kwa mama mwenye nyumba kiti chenye mgongo, maana mimi nilikuwa na kigoda tu, na mama yangu hakuwa mtu wa kukalishwa kwenye kigoda. Nikapika maharagi na sombe, majani ya mihogo, kwa mawese, nikaenda parking kungojea magari ya Beni.

Gari la kwanza halikumleta. La pili likaleta vitunguu na askari. Nikarudi, nikapasha sombe. Kesho yake vivyo hivyo, na mvua juu. Wapakizi wa parking walinijua sasa; mmoja alinipa gunia nijifunike. Niliporudi nimelowa, mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele.

"Mugeni wako iko wapi?"

"Iko karibu," nikajibu.

"Karibu gani?" akauliza, na watoto wake sita wakaanguka kwa kicheko.

Nikamwambia achambue mchele wake. Nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kigoda, mbele ya kile kiti chenye mgongo ambacho hakuna aliyekikalia. Nikaanza kumkasirikia mama. Nikasema: kumbe amefika Beni, amefikiri, amerudi. Ni tabia yake. Nikala sombe peke yangu, ile ya mgeni, na nikaimaliza kwa makusudi.

Siku ya tatu nikarudi kazini kabla ya ruhusa kwisha. Nikaita Eringeti. Kimya. Nikaita tena, nikabadilisha waya wa betri, nikaita. Kelele za hewa tu. Nikaita Beni.

"Dada, hauna habari?" wa Beni akasema. "Batu ya Eringeti banashuka huku tangu jana. Kumeharibika kule. Banashuka karibu bote. Kwako."

"Karibu bote? Nani alibakia? Kwako."

"Sijue, dada. Kwako."

Sikusema terminé. Niliweka kinywa cha foni mezani, nikachukua kitambaa na sweta, nikawaacha watu kwenye mstari. Mwenye foni alipiga kelele nyuma yangu, nikamwacha apige.

Nilifika Beni jioni juu ya lori la mbao. Usiku ule nililala kwa masista, na asubuhi nikaanza kutafuta. Watu wa Eringeti walikuwa wengi upande wa Beu, mtaa wa hapo Beni, wengine katika nyumba za ndugu, wengine katika madarasa ya shule, wengine chini ya mabati ya soko. Nilipita darasa kwa darasa nikiuliza habari za mama mmoja mrefu, mjane, mwenye shamba la kahawa na mipapai nyuma ya nyumba. Walinitazama, wakatikisa kichwa. Kila mtu alikuwa na wake wa kutafuta. Niliona aibu kuwa na miguu mikavu kati ya watu waliotembea matopeni.

Kwenye bomba la maji kulikuwa na ugomvi wa mitungi. Mtu alikuwa anasema, "Donc mimi nirudilie mara ngapi? Huyu mama alikuwa mbele!" Nikasimama. Sauti ile ningeitambua hata kaburini. Nikageuka nikitafuta jitu, nikaona kijitu kifupi, kichwa cheupe cha mvi, amebeba mtungi wa njano na mjukuu mgongoni.

Nikamwita, "Eringeti, Eringeti, unanipata?"

Mtungi ukamponyoka. "Dada wa Butembo," akasema. Halafu hakucheka. Akaangalia chini, kwenye maji yanayokwenda. Hapo nikajua.

"Mama yangu iko wapi?"

"Haukupata message yangu?"

"Nilipata. Ulisema mama karibu. Nilimungojea Butembo siku mbili. Nilienda parking kila siku, kaka."

Akaweka mkono juu ya kinywa. Akanivuta pembeni, tukaketi kwenye jiwe la msingi wa nyumba isiyojengwa, akanieleza polepole, kwa sauti ile nzito ambayo kwangu siku zote ilikuwa ya habari za watu wengine.

Alisema mama alikuja kwenye foni yeye mwenyewe, kwa miguu, amevaa kikwembe, kitenge chake cha misa. Kumbe hajawahi kuingia pale hata siku moja tangu baba afe. Akamwuliza, "Maman, niandike nini?" Mama akasema, "Mwambie karibu." Wa Eringeti, kwa sheria yangu mimi, akainua biki. Akamwuliza, "Karibu gani, maman?"

"Akanikasirikia," akasema. "Eh! Akasema, mwana atajua. Kwani mwana anauliza mama yake karibu gani? Njo nikaandika Mama, ili ujue ni nani anasema. Halafu nukta mbili. Halafu karibu. Mama: karibu. Njo vile iko kwa kaye, naweza kukuonyesha."

Nukta mbili hazisikiki hewani. Kwa Kinande tusingekosana, mama na mimi. Ningemsikia ananiita tangu silabi ya kwanza. Lakini Kinande kilikatazwa, naye alikuwa na lile neno moja tu la Kiswahili ambalo mtu analitoa mlangoni, lile lile alilonikatalia miaka miwili, akalibeba mwenyewe kwa miguu mpaka kwenye foni. Mimi nikalikalia. Alikuwa ananingojea huku mimi namngojea, kila mmoja amefagia kwake.

"Sasa iko wapi?" nikauliza tena. Maana hilo halikuwa jibu.

"Siku ya kukimbia nilipita kwake," akasema. "Nilikuwa na batoto, na sanduku ya foni mugongoni. Nikamwambia: maman, twende, banafika. Alikuwa anapika. Uwanja umefagiliwa safi, iko na viti viwili inje. Akasema hapana. Akasema: nimekaribisha mutu. Mutu anakaribisha mugeni halafu anakimbia nyumba? Akifika atakuta nani? Nikamubembeleza, dada. Nikamuvuta mukono, kweli kabisa. Akanipa ndizi za batoto, akanisukuma niende."

Sikulia. Nilimpiga. Nilimpiga yule mzee kifuani kwa ngumi mbili, mjukuu wake akaanza kupiga mayowe, watu wakatoka bombani. Yeye hakunizuia. Aliniacha nimpige mpaka mikono ikachoka, halafu akaniambia pole. Nilipaswa mimi kumwambia pole. Nimemwambia baadaye, mara nyingi, lakini siku ile sikuweza.

Barabara ya Eringeti ilifungwa siku tisa. Nilizikaa Beu kwenye darasa pamoja nao, na nikagundua jambo: wote walijua kwamba mama alinikaribisha. Aliwaambia. Alimwambia mwenye kusaga mihogo, aliwaambia wanawake wa chama cha kanisa, aliwatangazia mpaka watoto: binti yangu wa Butembo anakuja. Walinisimulia kwa nia njema, wakitaka kunifariji. Nilitamani wanyamaze. Nilifunika uso kwa kitambaa na kujifanya nimelala, mchana mweupe.

Siku ya kumi nikaenda na wa kwanza waliorudi kuangalia mashamba. Watu wenye bunduki walikuwa wamekwisha kupita. Sikuuliza ni wa kundi gani. Makundi yalibadilisha jina kila baada ya mvua, na mengine yalikuwa na watoto wa kwetu ndani yake. Eringeti ilikuwa imenyamaza. Nyumba za mstari wa mama zilikuwa zimesimama, lakini milango ilikuwa imelala chini, imepigwa teke au kukatwa kwa panga. Vitu vilivyokosa wa kuvibeba vilitapakaa njiani: kiatu kimoja, sahani, kaye ya shule.

Jirani yake mmoja, mwanamke wa umri wa mama, ndiye aliyenipokea. Huyu hakukimbilia Beni. Miguu yake ilikuwa mibaya. Alijificha siku zote zile kwenye shamba la kahawa iliyokauka ikawa pori, nyuma ya nyumba zao. Alinishika mkono kabla sijauliza chochote, akanipeleka chini ya mipapai. Udongo ulikuwa bado mwekundu. Yeye na wenzake walikuwa wamemzika mama na mzee mwingine mmoja, haraka, kwa jembe la mkono, na alikuwa ameweka juu vijiti viwili vilivyofungwa msalaba. Aliniomba msamaha kwamba hawakuwa na kikwembe cha kumvika, vyote vilibebwa.

Nikapiga magoti, hatimaye. Nikakaa hapo mpaka jua likaanza kuniunguza shingo. Jirani akakaa na mimi. Nikamwambia anieleze yote, asinifiche kitu. Alikataa. Nikamwambia mimi ni mtu wa foni, nimezoea kupokea maneno kama yalivyo.

Akasema ilikuwa mchana, kama saa saba. Walikuwa wamelala kifudifudi kwenye kahawa, yeye na wanawake wengine wawili, wanasikia wale watu wanakuja nyumba kwa nyumba, wanavunja. Siku zile hakuna mtu aliyefungua bila kuuliza mara mbili ni nani, na hata ukijibiwa hufungui. Walipofika kwa mama, mmoja wao hakuvunja. Hawajui kwa nini. Labda alichoka, labda alikuwa anacheza tu. Alipiga hodi, vizuri, kama mtoto aliyelelewa.

"Hakuuliza ni nani," jirani akasema. "Tulimusikia mpaka mu kahawa. Alijibu mbio, sauti inacheka: karibu, karibu, ingia. Halafu akaita jina yako, ile ya nyumbani."

Nilisimama, nikaenda kuangalia. Katika mstari ule wote mlango wake peke yake ulikuwa mzima. Nilipitisha mkono juu ya ubao, juu ya bawaba, juu ya komeo. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa ameufungua yeye mwenyewe, wazi mpaka ukutani.